Pima Chumba Kabla ya Kufungua Pochi

Mambo ya kufanya na kutofanya kwa anayetafuta lenzi ya bei nafuu ya kupigia picha za watu

"Kaka, ninunue hamsini au themanini na tano?" Swali huja hivyo hivyo, limekatwa mkia. Muulizaji hajasema ana kamera gani, hajasema anapigia wapi, hajasema wateja wake ni maharusi, wahitimu au watu wa pasipoti. Ameona picha mtandaoni, nyuma kumeyeyuka na uso unang'aa, naye anataka ya kwake iwe vile kabla ya sendofu ya Jumamosi. Namrudishia swali: chumba chako kina mita ngapi? Wengi hapo hunyamaza.

Ninaandika kwa mwenye kamera ya kawaida, lenzi ya zumu iliyokuja nayo kwenye boksi, na fedha za kuongeza lenzi moja tu. Hiyo moja iwe isiyo na zumu, kwa sababu kwa fedha hizo hakuna zumu itakayokupa mwanga kiasi hicho. Ile ya boksi ukiivuta mpaka milimita 55, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Ukumbini hiyo ndiyo tofauti kati ya ISO 6400 iliyojaa chengachenga na ISO 640 iliyo safi. Sababu ya kuinunua ni hiyo. Yaliyobaki ni kujizuia usinunue isiyokufaa.

Pima chumba.

Chukua futi ya fundi na upime kweli, usikadirie kwa hatua. Mteja haegemei ukuta: anasimama angalau mita moja mbele ya pazia, la sivyo kivuli chake kitalichafua pazia lote. Upande wako, wewe na kamera yako mnakula nusu mita. Fremu ya duka yenye urefu wa mita nne, kama zile nyingi za mtaani, inabaki na mita mbili na nusu za kufanyia kazi. Hizo ndizo mita zako, na hakuna lenzi itakayoziongeza.

Hesabu yake haimshindi mtoto wa darasa la saba. Zidisha milimita za lenzi kwa urefu wa kile unachotaka kiingie kwenye picha, kisha gawanya kwa upande mrefu wa sensa. Sensa ndogo za Canon zina milimita 22.3, za Nikon na Sony zina kama 23.5, na sensa kubwa zina 36. Tuseme una Canon ya sensa ndogo na umeishika wima. Kichwa na mabega tuvipe sentimita 60, nusu mwili mita moja, na mtu mzima mita mbili pamoja na nafasi kidogo juu na chini. Hamsini inahitaji mita 1.35 kwa kichwa na mabega, 2.25 kwa nusu mwili, na 4.5 kwa mtu kutoka kilemba mpaka viatu. Themanini na tano inahitaji mita 2.3, kisha 3.8, kisha 7.6.

Zisome tena namba hizo ukiwa umesimama ndani ya fremu yako. Themanini na tano humo ni lenzi ya pasipoti, basi. Ukitaka nusu mwili itabidi utoke nje, usimame barabarani na uwaombe bodaboda wapite polepole. Wapo wanaofanya hivyo, na mteja anabaki ndani akipigiwa kelele ainue kidevu. Hamsini itakupa uso na nusu mwili bila shida, ila mkia wa gauni la bibi harusi hautaingia. Kama riziki yako ni picha za mwili mzima ndani ya chumba hicho, tazama 35, ambayo hutosheka na mita 3.1. Hata hiyo imezidi mita zako mbili na nusu, kwa hiyo ama umsogeze mteja karibu zaidi na pazia na upange taa upya, ama urudi kwenye zumu ya boksi kwa picha hizo bila kuona haya.

Anayepigia nje, Coco Beach, Forodhani au Uhuru Park, hana shida ya mita. Ana shida ya watu wanaokatiza. Ukisimama mita saba na nusu kutoka kwa mteja wako jioni ya Jumapili, katikati yenu watapita wauza karanga, watoto na mbwa. Ndiyo maana hata nje, kwa kamera ya sensa ndogo, mimi huwaelekeza watu kwenye hamsini kwanza.

Usisikilize namba ya mtu mwenye sensa tofauti na yako.

Anayesema kwenye video kwamba 85 ndiyo mfalme wa potreti ameshika kamera ya sensa kubwa. Kwenye Canon ya sensa ndogo, hamsini inaona kama 80. Kwenye Nikon na Sony za sensa ndogo inaona kama 75. Kwa hiyo anaposema 85, kwako wewe anamaanisha 50. Ukimtii neno kwa neno, kwenye Canon yako utapata mwono wa 136, na umeshaona hapo juu mita zinazotakiwa.

Usimsogelee mtu usoni.

Pua ikikua kwenye picha, lawama hupewa lenzi. Lenzi haina kosa. Kinachoumba sura ni umbali kati ya kamera na uso. Ukiwa sentimita 60 kutoka kwa mtu, pua yake iko karibu nawe kuliko masikio kwa sehemu kubwa ya safari, nayo inachorwa kubwa. Rudi nyuma mpaka mita moja na nusu na tofauti hiyo inapungua mpaka uso unafanana na ule anaouona mama yake. Lenzi ya 35 si mbaya kwa watu. Ni mbaya kwa mtu anayeitumia kupiga kichwa na mabega, kwa sababu inamlazimisha asogee mpaka chini ya mita moja. Hamsini kwenye sensa kubwa ina kasoro hiyo hiyo: kwa kichwa na mabega inakusogeza mpaka sentimita 83. Mwenye sensa kubwa na nafasi ya kutosha, huyo ndiye wa kununua 85.

Hakikisha inaingia. Ikiingia, hakikisha inafokasi.

Hapa ndipo fedha za watu hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa Nikon kuna mtego wa zamani ambao bado unanasa. AF 50mm f/1.8D ni lenzi nzuri, ndogo, na mtumba wake huuzwa kwa bei ya kuvutia. Haina mota ndani. Inategemea mota iliyo kwenye kamera, inayouzungusha mdomo mdogo wa bisibisi ulio kwenye shingo ya kamera. D90, D7000, D7100, D7200, D610 na D750 zina mota hiyo. D40, D60, D3000 hadi D3500, na D5000 hadi D5600 hazina. Sasa angalia ni kamera zipi zinazoshikwa na wanaoanza: ni hizo hizo za D3000 na D5000. Lenzi itaingia, itabana vizuri, kipimo cha mwanga kitasoma, na muuzaji atakuonyesha kwamba imekaa. Fokasi utazungusha kwa mkono, kwenye kitundu kidogo cha kutazamia, huku bibi harusi anatembea. Tazama maandishi ya lenzi: unataka AF-S, si AF peke yake. Na usidhani kuhamia kamera za Z kutakuokoa, maana adapta ya FTZ nayo haina mota ya kuzungusha lenzi hizo. AF-S inafokasi juu yake, AF-D haifokasi.

Canon wamekuwa wapole zaidi. Lenzi yoyote ya EF inaingia na kufokasi kwenye DSLR yoyote ya EOS, ya sensa ndogo au kubwa. EF-S ni ya sensa ndogo tu. RF ni ya kamera za R tu, wala haitaingia kwenye DSLR yako hata ukiibembeleza. Kinyume chake kinawezekana: EF kwenye kamera ya R kupitia adapta, na inafokasi vizuri. Mwenye M50 ajue kwamba yake ni EF-M, ambayo si RF wala EF. Naye atumie adapta ya EF na asisogelee RF kabisa.

Sony ana mlango mmoja wa E lakini lenzi za aina mbili. Zenye FE zinafunika sensa kubwa. Zenye E tupu zimetengenezwa kwa sensa ndogo, na ukizifunga kwenye kamera kubwa inakata pembe na kukurudishia picha ndogo.

Andika jina kamili la kamera yako kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, herufi na namba zote. "Ni Nikon nyeusi" si jina.

Usilipie f/1.4 wala f/1.2 kwa sifa.

Kutoka f/1.8 kwenda f/1.4 unaongeza mwanga chini ya mara mbili, mara 1.65 hivi. Kwenda f/1.2 ni mara mbili na robo. Canon RF 50mm f/1.8 ilitoka mwaka 2020 kwa dola 200 za Marekani. RF 50mm f/1.2 ilitoka 2018 kwa dola 2,299. Kwa tofauti hiyo unanunua taa mbili, mwavuli, stendi, betri za akiba, na unabakiwa na fedha za kulipia pango. Mteja hatambui f/1.2. Anatambua kwamba ana mkunjo shingoni na hukumwambia.

Nunua moja kati ya hizi, kisha nyamaza ufanye kazi.

Kwa DSLR ya Canon, EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015. Shingo yake ni ya chuma, mapanga ya tundu ni saba na yamepinda, inafokasi mpaka sentimita 35, na ina uzito wa gramu 160 tu. Ilipotoka iliuzwa dola 125. Mtangulizi wake, ile yenye II iliyotoka 1990, bado imejaa kwenye mitumba: shingo ya plastiki, mapanga matano yaliyonyooka yanayogeuza taa za ukumbini kuwa pembe tano, na mota inayopiga kelele. Inapiga picha, sikatai. Inunue tu kama tofauti ya bei ni kubwa kweli. Muuzaji akikwambia "ni zile zile tu," mwonyeshe shingo. Jambo moja la STM: pua yake hutoka nje inapotafuta fokasi, kwa hiyo usiiweke kwenye begi ikiwa imetoka, na usiisukume ndani kwa kiganja. Washa kamera, ulenge kitu cha mbali, irudi.

Kwa Nikon ya DSLR, AF-S 50mm f/1.8G ya 2011. Kama chumba chako ni kifupi, AF-S DX 35mm f/1.8G ya 2009, ambayo kwa maoni yangu ndiyo lenzi yenye faida kubwa kuliko zote kwa mwenye D3000 au D5000 anayepiga mwili mzima ndani.

Kwa kamera za R, RF 50mm f/1.8 niliyoitaja. Kwa Sony ya sensa ndogo, E 50mm f/1.8 OSS, yenye kituliza mtikisiko ndani, kitu adimu kwa bei yake. FE 50mm f/1.8 ya sensa kubwa ni nafuu lakini fokasi yake ni ya kusitasita na ina kelele; anayepiga video asiiguse. Mwenye sensa kubwa ya Sony ajibane kidogo apate FE 85mm f/1.8 ya 2017, naye atakaa nayo miaka.

EF 85mm f/1.8 USM ya Canon iko sokoni tangu 1992, inafokasi haraka, na mtumba wake ulio safi ni mali. Ila haifokasi chini ya sentimita 85, na tundu likiwa wazi inachora mstari wa zambarau pembezoni mwa kila kitu cheupe kilicho juani. Maharusi wetu huvaa shela nyeupe na vito. Utaliona.

Yongnuo 50mm f/1.8 imeigwa kutoka Canon ile ya II, na bei yake ni ya chini kuliko zote. Kioo hakina ubaya mkubwa. Fokasi yake siiamini kwa kazi ya kulipwa. Ya kujifunzia nyumbani, sawa.

Kuna pia wapenzi wa Helios 44-2 ya Kisovieti, milimita 58, f/2, ile inayozungusha majani ya nyuma kama kimbunga. Ni ya mkono tupu, haina fokasi ya mota. Kwenye Canon inaingia kwa adapta ya M42 bila matatizo. Kwenye Nikon ya DSLR haitafika mbali bila adapta yenye kioo cha ziada, na kioo hicho kinaiharibu. Inunue ukiwa umeshalipa kodi.

Usinunue kioo cha kuskrubu mbele.

Vile vinavyouzwa kwenye vifurushi, vimeandikwa 0.43x au 2.2x. Pita.

Mtumba, washa tochi.

Simwogopeshi mtu na mtumba. Nusu ya lenzi ninazozipenda zimepita mikono ya watu. Lakini sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, tunaishi na unyevu, na unyevu unaotesha ukungu ndani ya vioo. Ukungu huo ni kiumbe hai: hutoa nyuzi nyembamba, na majimaji yake hula ule utando wa rangi unaozuia mng'ao. Fundi anaweza kuusafisha. Utando ulioliwa haurudi.

Kwa hiyo vua vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele ukiiinamisha, kisha geuza. Chembe za vumbi chache si kitu, kila lenzi inazo. Unachotafuta ni nyuzi zilizotawanyika kutoka ukingoni, au wingu jembamba lililotanda kioo kizima. Ukiona kimojawapo, mrudishie mwenyewe na usishawishike na punguzo. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele unasameheka. Kwenye kioo cha nyuma, kilicho karibu na sensa, hausameheki.

Ukiwa na Nikon ya G utaona tundu limefunga ukiishika mkononi, na wengi hukata tamaa wakidhani imekufa. Iko hivyo. Nyuma kuna kijiti kidogo cha chuma: kisukume kwa ukucha, tundu lifunguke, utazame ndani. Kisha kiachie. Mapanga yarudi kwa kishindo kidogo, mara moja. Yakirudi kwa uvivu, yana mafuta, na lenzi hiyo itakupa picha zilizoungua mwanga bila wewe kujua sababu. Canon ya EF hukaa wazi yenyewe.

Jaribu kwa kamera yako, ukitazama kwenye kitundu, kabla ya kulipa.

Nenda na kamera yako, betri imejaa, kadi iko ndani. Omba chupa tatu za soda. Zipange kwenye kaunta kwa mshazari, kila moja nyuma ya mwenzake kwa sentimita tano hivi, maandishi yakikutazama. Simama mita moja. Weka f/1.8, spidi ya shata isipungue 1/200, chagua alama ya fokasi ya katikati, na ulenge maandishi ya chupa ya katikati. Piga kadhaa, na kila mara uzibe kwanza mbele ya lenzi kwa mkono ili ianze kutafuta upya. Kwa sensa ndogo na umbali huo, eneo lililo kali halifiki sentimita tatu, kwa hiyo chupa haitakuficha kitu. Kuza picha kwenye skrini ya nyuma ya kamera. Chupa ya katikati ikiwa kali kila mara, umepata lenzi. Ya mbele ikiwa kali kuliko ya katikati, au ya nyuma, na kosa likijirudia upande ule ule, kuna tatizo.

Rudia kwa kutazama kwenye skrini hiyo badala ya kitundu. Kosa likitoweka, lenzi na kamera ya DSLR hazikubaliani kwa kitundu. Kamera za bei ya juu zina menyu ya kurekebisha hilo. Za wanaoanza, kama D3500 au Canon 2000D, hazina. Omba nakala nyingine ya lenzi hiyo hiyo. Mwenye kamera mpya isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) hana ugonjwa huu, kwa sababu inafokasi moja kwa moja kwenye sensa, na nyingi zinatambua jicho zenyewe.

Muuzaji akinuna kwa sababu ya chupa, mwache anune. Kariakoo na Luthuli Avenue zina maduka mengi.

Usiishi kwenye f/1.8.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mtu amenunua lenzi leo, na kuanzia leo kila picha ni f/1.8, mchana wa saa saba, mtu mmoja au ukoo mzima. Kwa 85 kwenye sensa kubwa, mita moja na nusu kutoka usoni, eneo kali ni kama sentimita tatu. Mteja akigeuza uso kidogo, jicho la karibu linasoma na la mbali limelala. Funga mpaka f/2.8. Huoni hasara yoyote nyuma, na ule mstari wa zambarau kwenye shela unapungua sana.

Kwa kundi, hesabu ni ya aibu zaidi. Hamsini kwenye sensa ndogo, mita nne, f/1.8: eneo kali halifiki nusu mita. Wazee wameketi mbele, vijana wamesimama nyuma ya viti. Nyuso za nyuma zimepotea, na hao ndio watakaoidai picha. F/4 inakupa karibu mita moja. Ukoo wenye safu tatu unataka f/5.6 na zaidi, na hapo lenzi yako ya boksi ingetosha. Ndiyo, usiiuze ile ya boksi.

Usinunue lenzi ili ufiche nyuma.

Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipigia uani kwa mwanga wa jua, kwa kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18. Nyuma ya wateja wake aliweka vitambaa vyenye maua na michoro, cha kwanza kikiwa shuka lake la kitanda lenye matamvua, na vitambaa hivyo vinaonekana. Maua ya pazia yanagombana na maua ya gauni, na picha inasimama. Kila baada ya miaka miwili mitatu alibadilisha kitambaa, na baadaye kitambaa hicho ndicho kilichomsaidia kukumbuka picha ilipigwa lini. Hakuna kilichoyeyuka humo, na leo picha zile ziko kwenye majumba ya makumbusho.

Kwa hiyo kabla hujalipia nyuma iliyoyeyuka, nunua kitambaa. Mita tatu za kitenge kizuri au khanga mbili zilizoshonwa pamoja, mteja mita moja mbele, dirisha upande mmoja, ubao mweupe upande wa pili kurudisha mwanga. Hamsini kwenye f/4. Hiyo ni studio, na f/1.8 utaitumia siku ukuta ukiwa na waya za umeme na bango la kampeni.

Nunua kofia ya lenzi, achana na kichujio cha bei rahisi.

Kichujio chembamba cha mtaani kinaongeza mng'ao usiotakiwa kila taa inapokutazama, na ukumbini taa zote zinakutazama. Kofia ya plastiki inakinga mwanga wa pembeni na inapokea pigo lenzi ikianguka kifudifudi. Pima kipenyo kabla hujanunua: EF 50mm STM ni milimita 49, RF 50mm ni 43, AF-S 50mm G ni 58, EF 85mm ni 58.

Usiifungie kabatini.

Kabati la nguo, mfuko wa ngozi, begi lililorudi limelowa kutoka kwenye mvua za masika: ndipo ukungu unapozaliwa. Lenzi inayotumika kila wiki na kupata hewa na mwanga haiugui haraka. Inayongoja msimu wa harusi ndiyo inayougua. Nunua ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaobana, weka ndani chembe za kunyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu kama unakipata. Lenga asilimia 40 hadi 50. Chini sana ya hapo nako kunakausha mafuta ya ndani. Chembe za buluu zikigeuka waridi zimeshiba maji. Zikaushe kwa moto mdogo kwenye sufuria kuukuu mpaka buluu irudi, ziache zipoe, kisha zirudishe ndooni. Sufuria hiyo isirudi kupikia chakula.